Kikaango Kipya

Mama Verlie alikuja Jumamosi na kikaango chake ndani ya foronya,
kama alivyokuja siku ya ndoa yetu,
kama alivyokuja siku tulipomzika binti yake.
Nikamzuia mlangoni.
Mwanamke wa miaka sabini na tisa, nimemzuia kwa mkono,
mimi ambaye hata mkopo wa nyumba hii alinidhamini yeye.

"Mama, hicho hakiingii."

Kilikuwa cha mama yake, aliyewakaangia
wavunaji wa mpunga huko DeWitt kabla ya pampu za umeme.
Cheusi, laini kama kiatu kilichopigwa kiwi,
na kila kitundu cha chuma chake kimemeza ngano:
ngano ya Pasaka, ngano ya matanga,
ngano ya Jumapili elfu tatu na ushei.
Hakuna sabuni ya kuitoa. Nilimuuliza daktari kule Little Rock;
akasema chuma kina kumbukumbu, bwana Orval,
na utumbo wa mtoto pia.

Renita ana miaka tisa. Miaka miwili
tulimwita mvivu wa kula. Tulimbembeleza,
tulimkaripia, tukampa biskuti ili anenepe.
Biskuti! Kwa mkono huu huu.

Verlie akaketi kwenye ngazi za baraza, kikaango mapajani,
kama mtu aliyepakata paka mgonjwa.
Hakunijibu. Nikarudi jikoni.

Kuku wa kwanza: unga wa mchele mtupu.
Ukawa mchanga. Renita akatafuna kwa adabu,
na adabu ya mtoto mezani inauma kuliko matusi.
Kuku wa pili: nikazidisha wanga wa viazi.
Ganda likavuka lote kama soksi,
paja likabaki uchi katikati ya mafuta.
Nikatamka neno ambalo sitaliandika hapa.

Ndipo sauti ikapenya wavu wa mlango:
"Una haraka, Orval. Harufu inanieleza."
Hakuinuka. Alipika kutoka nje, kwa pua.
"Umemlaza kwenye mtindi usiku kucha?"
Nimemlaza.
"Chumvi umetia kwenye mtindi au kwenye unga?"
Kwenye unga.
"Aa."
(Aa yake hiyo ukiipima ina kilo mbili.)
"Tia kote. Huo mchele changanya na wanga wa mahindi,
viganja viwili kwa kimoja. Mpake, kisha mwache.
Usimguse. Unga ukilowa, ukawa rangi ya njia ya vumbi
baada ya manyunyu, ndipo."

Nilisubiri. Nje ya dirisha shamba la akina Stroud
lilikuwa limefunguliwa maji, mpunga unachungulia,
mpunga hadi barabara kuu, mpunga hadi macho yachoke.
Miaka yote hiyo tumeishi ukingoni mwake
tukinunua magunia ya ngano kutoka Kansas.

Kikaango kipya, cha dola ishirini na nane,
kijivu bado, kinanata, hakimjui mtu.
Nikashusha mapaja. Mafuta yakaanza kusema:
kwanza kelele, kisha maneno, kisha kunong'ona.
"Geuza," akasema Verlie,
kabla mimi sijafikiria kugeuza.

Renita aliuma, nasi tukasikia,
mimi jikoni, yeye kule ngazini.
Hakusema kitu. Alichukua paja la pili,
akatoka nalo kwenye sahani, akasimama mbali kidogo.
"Nawa kwanza, Bibi."
Na Verlie, asiyeamrishwa hata na mchungaji,
akaweka chini chuma cha mama yake, akaenda bombani.

Alitafuna muda mrefu akitazama mpunga.
"Si ule," akasema.
Kisha akalamba kidole gumba.
"Chumvi bado. Niletee mgongo."

Usiku nikakifuta kikaango, nikakipaka mafuta,
nikakirudisha motoni kitupu hadi kikatoa moshi.
Kile cha zamani aliondoka nacho ndani ya foronya.
Hiki kina Jumamosi moja.